Pengo

Karatasi hubandikwa Jumatano katika baa ya Trezona,
kando ya mashine ya sigara isiyouza tena sigara.
Michezo kumi na minne, na mbele ya kila mchezo, namba:
tatu, saba na nusu, kumi na tatu na nusu.
Hayo ndiyo mapengo.
Huulizwi nani atashinda, hilo hata theluji ya Ishpeming inalijua.
Unaulizwa: kwa kiasi gani?

Reino Lahti alichagua wanyonge.
Miaka ishirini na sita, dola kumi kila wiki,
kwa penseli aliyoichonga kwa kisu cha kuchunia kulungu.
Mnyonge mnyongeni, sawa,
lakini haki yake ni hizi pointi kumi na tatu, mpeni.
Na ile nusu! Aliipenda ile nusu.
Hakuna mguu uliowahi kuipiga,
hakuna refa aliyewahi kuinyanyulia mikono,
ila imekaa pale kama kokoto ndani ya kiatu
ili usiku usiishe kwa sare,
ili lazima mmoja wetu alipie bia.

Nilimwona akiishangilia timu iliyofungwa.
Iko nyuma kwa kumi na nne, zimebaki sekunde tisa,
watu wanavaa makoti, mtangazaji anaaga,
na kijana ambaye jina lake nimelisahau
anapiga teke la kujifariji.
Lile yai la ngozi linayumba, linagonga mlingoti,
linafikiri,
linaingia.
Kumi na moja!
Uwanjani hakuna aliyepiga makofi.
Kwa Trezona, mzee wa miaka sabini amesimama juu ya kiti.

Agosti, daktari wa Marquette naye alitoa namba.
Alisema wiki sita, labda nane,
akiitazama skrini.
Eila, dada mtu, dereva wa basi la shule,
aliikunja risiti ya maegesho, akaikunja tena,
mpaka ikawa ndogo kama jino.
Reino akauliza, "Hiyo ni pamoja na nusu?"

Tukawa tunaulizana, makoti yakichuruzika mlangoni:
Ameshindaje leo?
Ameshinda.
Jumanne ameshinda vizuri, amemtukana nesi.
Alhamisi ameshinda kwa taabu, kwa vijiko viwili vya supu.
Wiki ya sita ikapita. Ya nane ikapita,
na Eila akiipeleka karatasi hospitalini chini ya sweta,
akiirudisha na alama zinazotetemeka,
wanyonge, wanyonge, wanyonge mpaka chini.
Msimu wa kulungu ukafunguliwa bila yeye.
Wiki ya kumi na mbili alisema mto una kelele.
Ya kumi na nne hakusema kitu, alinyoosha kidole.

Alifariki Jumatatu ya wiki ya kumi na tano
kabla ya mchezo wa usiku.
Alishindwa, ndiyo. Kila mtu tangu Agosti alijua atashindwa.
Lakini lile pengo walilomwekea,
lile alilivuka kwa wiki saba,
na hapakuwa na mtu wa kwenda kumdai malipo.

Karatasi ya wiki ile nayo aliikosa, kwa mchezo mmoja tu,
ikachukuliwa na Marlys wa ofisi ya meno
anayechagua kwa rangi za jezi.
Alilia alipopewa zile pesa. Akazipokea.

Gazeti lilimpa mistari mitano:
mchimba chuma mstaafu, mpenda michezo,
ameacha pengo lisilozibika.
Eila alilisoma akiwa bado na glavu za usukani,
akainua macho, akatuuliza,
"La ngapi?"

Trezona alifuta kaunta iliyokuwa safi.
Nje, basi tupu la njano lilikuwa linaunguruma.
Kisha akamsogezea karatasi mpya, na ile penseli.
Ilikuwa butu.
Akaomba kisu.